Bolti Iliyokataa Kukatika

Kisiki chenyewe kilikuwa kifupi, hakifiki hata goti, na majani yalikuwa yamekifunika kiasi kwamba nilikisikia kabla sijakiona. Kwanza ulitoka mlio mmoja mzito, kama nyundo kubwa imegonga reli. Trekta ikayumba, injini ikataka kuzima, na nilipokanyaga klachi nikasikia nyuma yangu vyuma vinasagana kama mtu anatafuna kokoto. Nikazima, nikachomoa ufunguo, nikangoja visu visimame. Niliposhuka na kuinama, oili ya giaboksi ilikuwa inachuruzika juu ya bodi ya slasha, ile mashine ya kukatia majani inayofungwa nyuma ya trekta. Ilikuwa nyeusi, na ndani yake chembe za chuma zinametameta.

Kitu cha kwanza kukiangalia kilikuwa bolti ya usalama, ile inayopita kwenye yoki (kichwa cha mwisho) ya shafti ya PTO, inayotoa nguvu ya injini kwenye trekta na kuipeleka kwenye slasha, na kuishika na shafti ya kuingilia giaboksi. Ilikuwa nzima. Haina hata mkwaruzo. Na mimi, kwa sekunde kadhaa pale nilipochuchumaa, nilifurahi. Nilijiambia, angalau bolti imestahimili.

Bolti hiyo niliifunga kwa mkono wangu wiki mbili kabla. Zilikuwa zimenikatikia nne ndani ya siku tatu, na anayeijua kazi hii anajua maana yake: kushuka, kujikunja chini ya shafti, kugonga kipande kilichobaki tunduni kwa sumbi na nyundo, kulinganisha matundu kwa kidole (usifanye hivyo, tumia chuma), halafu kuitafuta nati iliyorukia majanini. Jioni ya siku ya tatu nikachakura sanduku la vifaa, nikapata bolti ya unene uleule, nusu inchi, kichwani ina mistari sita. Ikaingia vizuri. Nikaikaza, nikasema haya, sasa tuone.

Fundi aliyeifungua giaboksi ni mtu mzima, mchache wa maneno. Meno matatu ya pinyoni, ile gia ndogo ya ndani, yalikuwa yamelala chini kwenye oili kama meno ya mtoto yaliyong'oka. Beringi ya mbele imepasuka, shafti ya kuingilia imepinda. Ukiibiringisha juu ya meza inacheza. Akaishika bolti yangu, akahesabu mistari kichwani kwa ukucha, akaniangalia.

“Kijana wangu, huyu ndiye aliyetakiwa kufa. Wewe umemwokoa, ukawaua wenzake.”

Nilitaka kujitetea kwamba unene ni uleule. Hakunipa nafasi. Alitoa bolti nyingine mbili kwenye droo yake, akazipanga zote tatu mezani, na hapo ndipo nilipojua kwamba kichwa cha bolti kinasomwa. Kwa bolti za inchi, kichwa kitupu kisicho na mstari ni daraja la 2, chuma laini. Mistari mitatu ni daraja la 5. Mistari sita ni daraja la 8, na hiyo hustahimili kuvutwa karibu mara mbili ya ile ya kichwa kitupu. Za milimita huandikwa namba, 8.8 au 10.9 kwa mfano, na namba ikipanda ugumu nao unapanda. Slasha yangu kitabu chake kinataka daraja la 2. Zipo zinazotaka la 5. Mtengenezaji alipiga hesabu ya giaboksi yake na krosi zake (viungo vya msalaba vinavyoiwezesha shafti kupinda), kisha akachagua bolti itakayoachia kabla ya vyote hivyo. Ukibadilisha daraja umeifuta hesabu yake yote, na mashine haitakuambia chochote mpaka siku ya kisiki.

Kuna wanaochomeka kipande cha nondo, au msumari mnene, au bolti ya mlango. Siwacheki tena. Nilikuwa mmoja wao, ila mimi nilitumia kitu kinachong'aa.

Baadaye nilikaa nikaifikiria ile nguvu inatoka wapi, maana kisiki hakikwenda popote. PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde, na giaboksi ya slasha huongeza kasi hiyo zaidi kabla haijafika kwenye visu. Sahani nene inayobeba visu ikishashika kasi, ni gurudumu zito lisilotaka kusimama. Kisu kikikwama, upande wa chini unalazimishwa kusimama papo hapo, na upande wa juu injini na flaiwili yake, gurudumu lake zito, bado vinasukuma. Katikati ya ugomvi huo kuna krosi mbili, tyubu mbili zinazoingiliana, meno ya giaboksi na bolti moja. Lazima kimoja kiachie. Mtu akiniambia trekta yake ni ndogo, haina nguvu ya kuvunja giaboksi, namwambia asihesabu farasi wa injini peke yao, ahesabu na uzito wa vitu vinavyozunguka.

Giaboksi ikatengenezwa. Lakini lile swali la awali fundi hakuliacha: kwa nini zilikatika nne kwa siku tatu? Akaniuliza zilipo. Nilikuwa nimezitupa, ila vipande vya mbili vilikuwa bado kwenye sanduku la trekta, vimechanganyika na nati. Akavifuta kwa kitambaa na kuvisogeza kwenye mwanga.

Cha kwanza uso wake ulikuwa bapa na unang'aa, chuma kimepakazika upande mmoja kama siagi iliyokatwa kwa kisu. Hiyo, alisema, imekufa kwa pigo moja, uligonga kitu. Cha pili kilikuwa tofauti kabisa. Mwili wake ulikuwa umepinda kidogo, kiuno kimelika pande mbili, na uso uliokatika una kona kona, sehemu moja nyeusi ya zamani na sehemu ndogo mpya. Hiyo haikugonga kitu. Hiyo iligongwa kidogo kidogo kila nilipowasha na kuzima, mpaka ikachoka.

Tukaenda kuangalia tundu la yoki. Lilikuwa limeacha kuwa duara, limekuwa yai. Bolti ilikuwa inacheza mle ndani karibu milimita mbili. Kwa hiyo kila nilipoingiza PTO, yoki ilikimbia kale kanafasi kisha ikaipiga bolti kama nyundo. Na mimi nilikuwa na tabia nyingine mbaya: naingiza PTO huku resi iko juu, kwa sababu nina haraka. Resi ya chini kwanza, PTO inaingizwa taratibu, visu vikishazunguka ndipo unapandisha. Hilo tu lingeniokolea bolti mbili kati ya nne.

Tatizo la tatu lilikuwa chini kabisa. Visu vya slasha havikufungwa vikakazwa visisogee. Vinaning'inia kwenye bolti zake na kunyooshwa nje kwa kani ya mzunguko tu, ili kimoja kikigonga jiwe kikunjike nyuma na kupita. Huo ndio ulinzi wa kwanza, kabla hata ya bolti ya usalama. Tulipoinyanyua slasha na kuiwekea magogo ya kuishikilia (mikono ya haidroliki haiaminiki hata kidogo ukiwa chini yake), kisu kimoja kilikunjika kwa kidole. Cha pili hakikusogea hata nilipokisukuma kwa mguu. Kutu na tope vilikuwa vimekishika kwenye sahani. Kila jiwe dogo, badala ya kisu kukunjika, pigo lilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye bolti. Tukakifungua, tukasafisha, tukafunga bolti mpya ya kisu na kuikaza kwa kipimo cha kitabu. Visu vikanolewa vyote viwili kwa pamoja, maana kimoja kikiwa chepesi slasha inatetemeka, na mtetemo nao unakula matundu.

Tangu siku hiyo nina kopo la bolti zilizokatika. Situpi hata moja kabla sijaitazama uso.

Msimu uliofuata nilidhani nimeshahitimu. Bolti zilikuwa za daraja lake, tundu la yoki limetengenezwa upya, na sehemu ya bolti isiyo na thredi ndiyo inayokaa pale yoki inapokutana na shafti, kwa sababu thredi zikikaa pale bolti inakuwa nyembamba na inakatika mapema. Nikagonga kichuguu kigumu. Nikasikia tik, mlio mdogo ninaoufahamu, nikajua bolti imekwenda. Lakini visu havikusimama. Viliendelea kuzunguka, vikitoa sauti ya kulia, ya juu, inayokata masikio. Kwa kuwa vilizunguka, nikaendelea kukata. Mita hamsini hivi. Halafu nikaona moshi mwembamba kwenye yoki.

Bolti ilikuwa imekatika vizuri kabisa, ikafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba yoki ilikuwa imeng'ang'ania shafti kwa kutu. Bolti ikishakatika, yoki inatakiwa izunguke peke yake juu ya shafti iliyosimama, kama pete kwenye kidole. Yangu iliisugua shafti kwa nguvu mpaka chuma kikaanza kuliana. Kuitoa kulihitaji pula ya kuvutia, moto na nusu siku ya matusi. Shafti ikabaki na mikwaruzo ambayo fundi aliilainisha kwa msasa, na yoki ikabadilishwa. Kama ingeshika zaidi kidogo, ningekuwa na slasha isiyo na ulinzi wowote huku bolti sahihi imefungwa mahali pake, na ningeapa kwamba nimefuata kitabu.

Kwa hiyo sasa kabla ya msimu ninaichomoa bolti kabisa, trekta imezimwa na ufunguo uko mfukoni, kisha ninaishika shafti ya PTO kwa mikono na kuizungusha. Yoki lazima ielee juu ya shafti ya giaboksi bila kugoma. Ikigoma, naitoa, nasafisha, napaka grisi, narudisha. Ni kazi ya dakika kumi, na sijaona mtu mwingine akiifanya bila kuambiwa.

Miaka miwili baadaye nilipata slasha nyingine, kubwa zaidi, yenye klachi ya kuteleza badala ya bolti. Furaha yangu haikuwa na kifani. Hakuna tena kulala chini, hakuna sumbi wala nyundo. Klachi yenyewe ni rahisi kuielewa: sahani za msuguano zimebanwa kati ya sahani za chuma kwa springi kadhaa, mzigo ukizidi zinateleza, mzigo ukipungua zinashika tena. Niliipokea ikiwa imekaa nje mvua nzima. Nikaipaka grisi krosi, nikaangalia oili ya giaboksi, nikaifunga kwenye trekta, nikawa tayari.

Yule fundi alikuwa amekuja kwa kazi nyingine. Akaitazama klachi, akauliza, “Umeitelezesha?”

Sikujua anasema nini. Akachukua kipande cha chaki, akachora mstari mmoja kukatisha sahani zote, kutoka ya nje mpaka ya ndani, mstari ulionyooka kama kovu. Akalegeza kila nati ya springi mizunguko miwili kamili, akihesabu kwa sauti. Tukawasha trekta, resi chini kabisa, PTO ikaingizwa kwa sekunde mbili tatu, ikatolewa. Tukazima, tukangoja, tukaenda kuangalia. Mstari ulikuwa vilevile, umenyooka. Hakuna sahani iliyosogea hata unywele, na nati zilikuwa zimelegezwa! Kutu na unyevu vilikuwa vimezigandisha zile sahani kuwa kitu kimoja. Nilikuwa ninakwenda kukata vichaka na chuma kigumu kuliko ile bolti ya mistari sita.

Tukaifungua. Sahani za msuguano zilitoka kwa kubanduliwa, zikiacha alama za kahawia kwenye chuma. Chuma kilisuguliwa kwa msasa mpaka kikawa safi, sahani za msuguano zikapanguswa kavu. Vumbi lake hatukulipuliza kwa mdomo wala kwa hewa, kwa sababu klachi za zamani baadhi zilitengenezwa kwa asbesto, na hakuna kipimo cha macho kinachokuambia ipi ni ipi. Unene wa kila sahani ukapimwa, kulinganishwa na kitabu. Na hakuna tone la mafuta wala grisi lililoruhusiwa kuzigusa. Nilipotaka kuzipaka kidogo “zisishike kutu tena” fundi alinipiga mkono. Kweli, alinipiga.

Kurudisha ndiko nilikoharibu, lakini hilo nililifanya peke yangu. Nati nilizikaza kwa macho, nikaona zimelingana. Kwenye majani mepesi kazi ilikwenda. Nilipoingia kwenye majani mazito, slasha ikaanza kupoteza kasi huku injini inalia vizuri tu, na baada ya muda ikaja harufu ile ambayo ukishaisikia mara moja huisahau, harufu ya breki zilizoungua. Klachi ilikuwa inateleza mfululizo. Kuteleza sekunde moja mbili kwa kugonga kitu ndiyo kazi yake. Kuteleza mfululizo ni kujichoma. Niliisogelea nikausikia joto lake kabla sijaigusa, nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Kwa hasira nikazikaza nati zote mpaka spana ikagoma. Harufu ikaisha. Nikajiona nimeiweza, mpaka usiku, nimelala, nikakumbuka nilivyoziona zile springi: pete zake zilikuwa zimegusana, hakuna mwanga kati yake. Springi iliyobanwa mpaka pete zigusane si springi tena, ni washa ndefu. Haina pa kwenda, kwa hiyo sahani nazo hazina pa kuteleza. Nilikuwa nimerudi kulekule kwenye bolti ya mistari sita, kwa njia ndefu zaidi.

Asubuhi nilichukua kitabu, nikatafuta urefu ambao kila springi inatakiwa kuwa nao ikiwa imebanwa, nikapima moja moja kwa venia, kile kipimo cha kubana. Sikukaza nati moja mpaka mwisho ndipo niende nyingine. Nilikwenda kwa kukabiliana, nusu mzunguko huku, nusu kule, kwa sababu springi zikipishana sahani zinabanwa upande mmoja na kuungua upande mmoja. Ikiwa urefu ni sahihi na bado inateleza kwenye kazi ya kawaida, basi sahani zimekwisha au zimelowa mafuta. Kukaza zaidi hakuziponyi.

Kuna mambo mengine ya shafti ambayo nayataja tu. Tyubu mbili zikiwa ndefu mno, ukiinua slasha zinafika mwisho na kusukuma beringi ya PTO ya trekta upande mmoja na ya giaboksi upande wa pili. Zikiwa fupi mno zinachomoka. Pima ukiwa umeinua, ukiwa umeshusha na ukiwa katikati, maana sehemu fupi kabisa mara nyingi iko katikati. Yoki mbili za ndani zikae mstari mmoja, la sivyo krosi zinatetemeka na kufa mapema. Ukiinua slasha juu kuvuka tuta, zima PTO kwanza. Na kinga ya plastiki inayofunika shafti, pamoja na mnyororo wake wa kuizuia isizunguke, irudishwe kila mara baada ya kupaka grisi. Shafti isiyo na kinga hukamata nguo kwa kasi ambayo mkono hauwezi kushindana nayo.

Trekta za zamani ambazo PTO yake inakufa ukikanyaga klachi ya gia zina shida ya peke yake: visu vikiwa na kasi vinaisukuma trekta mbele hata ukitaka kusimama. Dawa yake ni kiungo kinachozunguka upande mmoja tu, kinafungwa kwenye PTO. Ni kitu kizuri, lakini wengi wanakichanganya na klachi ya kuteleza. Hicho kinakuzuia usisukumwe na slasha. Kisiki hakikihusu.

Sasa msimu ukiisha ninazilegeza nati za springi kabla ya kuiweka slasha ndani, ili sahani zisikae zimebanwa kwenye unyevu miezi mitatu, na ninaandika kwa rangi juu ya bodi nimelegeza mizunguko mingapi, kwa sababu kichwa changu hakiaminiki kuliko haidroliki. Msimu unapoanza ni chaki tena, resi chini, sekunde mbili tatu. Mara ya mwisho mstari wa sahani ya kati ulikuwa umesogea upana wa kidole gumba na ule wa nje umebaki pale pale. Nikaurudia mara ya pili. Safari hii mistari yote ikaachana. Nikakaza kwa hesabu iliyoandikwa kwenye bodi, nikapima springi, nikafuta chaki kwa kiganja na kuchora mstari mpya, huo wa kuangalia jioni baada ya kazi.